Jihadhari na Nafuu: Mwongozo kwa Mgonjwa Asiyetaka Kudanganywa

Mwongozo huu ni wako wewe mgonjwa usiyependa vya bure. Ukimeza kidonge unataka nafuu iliyotoka ndani ya kidonge chenyewe, na chochote kinachozidi hapo unakihesabu kuwa utapeli. Umesikia habari za watu waliochomwa sindano ya maji ya chumvi, wakaambiwa ni dawa kali, wakalala fofofo mpaka asubuhi. Ukacheka. Ukasema hao ni wepesi wa kudanganywa, mimi mambo hayo hayanipati.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Kwanza uelewe unasimama wapi kisheria. Hivi sasa unavyosoma, kichwani mwako mna akiba ya kemikali za ukoo mmoja na mofini na heroini. Hukuziombea kibali. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, hapa Tanzania, imetaja vitu vingi ambavyo mtu akikutwa navyo atajuta, lakini haikumfikiria raia anayejitengenezea mwenyewe ndani ya fuvu, bila shamba wala mtambo. Mbaya zaidi, kemikali hizo hutoka bila amri yako. Inatosha nesi apitishe pamba yenye spiriti begani mwako na kusema, “Hii itakutuliza,” na tayari umekwisha kujihudumia.

Mtuhumiwa ni nani

Mwaka 1973 huko Baltimore, Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba ndani ya ubongo mna vipokezi, yaani mahali maalumu pa kunasa mofini na jamaa zake. Ugunduzi huo ulileta swali la aibu kidogo. Mofini hutoka kwenye utomvu wa mpopi. Kwa nini ubongo wa panya, na wa binadamu pia, ukae umejiandaa kupokea utomvu wa mmea ambao wengi wetu hatujapata kuuona hata kwa bahati mbaya? Lazima mwili una mofini yake wenyewe, wakasema, na mbio za kuitafuta zikaanza.

Huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz waliitafuta kwenye ubongo wa nguruwe waliochinjwa, na mwaka 1975 wakatangaza kwamba wamepata kemikali mbili, ndogo mno, kila moja ikiwa na asidi amino tano tu. Wakaziita enkefalini. Msomaji usiyekula nguruwe usinune, maana mwaka uliofuata ngamia naye alitoa ushahidi. Choh Hao Li wa San Francisco alikamua tezi zilizo chini ya ubongo wa ngamia akapata kemikali ndefu zaidi, yenye asidi amino 31, ambayo leo inaitwa beta-endofini. Kwa hiyo mfugaji wa Wajir au Marsabit ajue kwamba kila alfajiri anaswaga malishoni shehena ya dawa za maumivu isiyo na cheti cha daktari.

Kazi halali ya kemikali hizi, ambazo kwa ujumla tutaziita endofini, ni kupunguza maumivu yaliyokwisha kuingia mwilini. Ukichubuka goti, habari hupita kwenye neva mpaka uti wa mgongo, na kutoka hapo hupanda kwenda juu. Lakini ubongo haukai tu kupokea. Sehemu yake ya mbele, ile inayotarajia na kupanga, hupeleka maagizo chini hadi ubongo wa kati, yakashuka kwenye shina la ubongo, yakafika kwenye uti wa mgongo kulekule habari ilikoingilia, na kuipunguza kabla haijapanda. Njia nzima hiyo imejaa vipokezi vya mofini. Mwaka 2009 watafiti wa Hamburg waliwapaka watu krimu tupu, yaani isiyo na dawa ndani, mkononi, wakawaambia ni ya ganzi, kisha wakawachoma kwa joto huku wakipiga picha za uti wa mgongo. Uti wenyewe ulionyesha kupokea maumivu kidogo zaidi. Ukitaka kuendelea kusema kwamba nafuu ya dawa tupu ni mawazo ya mgonjwa tu, sasa itabidi ueleze mawazo hayo yalifikaje mgongoni.

Gego la mwisho

Kesi ya msingi ni ya mwaka 1978. Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walishughulika na watu waliotolewa magego ya mwisho, yale yanayokwama ndani ya taya mpaka daktari apasue ufizi. Aliyepitia hapo anajua kinachofuata: ganzi inaanza kuisha, mdomo bado mzito, mate yana ladha ya damu, na shavu zima linadunda.

Wagonjwa hao walijua kwamba kupitia mshipa wanaweza kupewa mofini, au dawa tupu, au dawa iitwayo naloksoni. Hii naloksoni ndiyo shahidi wetu mkuu. Hukalia vipokezi vya mofini bila kuviamsha, na mofini yoyote iliyokuwapo ikakosa pa kukaa. Ndiyo maana mtu aliyezidisha heroini akapoteza fahamu, akichomwa naloksoni kwa wakati, huzinduka ndani ya dakika chache. Haina ugomvi na maji ya chumvi. Haina ugomvi na imani, wala na ujinga.

Basi wapo waliopata nafuu kwa dawa tupu, na wapo ambao hawakupata. Walipokuja kupewa naloksoni, wale waliokuwa na nafuu maumivu yao yalipanda yakawafikia wenzao. Wale ambao dawa tupu haikuwasaidia, naloksoni haikuwabadilishia kitu. Kilichokuwa kikiwatuliza wale wa kwanza, kwa hiyo, kilikuwa kimekaa kwenye vipokezi vya mofini, na mofini hawakuwa wamepewa.

Usikate tamaa mapema. Mwaka 1983 Richard Gracely na wenzake waliweka pingamizi: naloksoni peke yake inaweza kuongeza maumivu ya jeraha la jino, iwe dawa tupu ilitolewa au haikutolewa. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na kama ushahidi ungekomea kwenye meno, wewe ungetoka mahakamani ukipunga mkono.

Haukukomea hapo. Katika mji wa Turin, Italia, Fabrizio Benedetti alilifanya suala hili kuwa kazi yake ya maisha, na kati ya majaribio yake yote ninalolipenda zaidi ni lile la pilipili la mwaka 1999. Kapsaisini, yaani ule ukali wenyewe wa pilipili, ilidungwa chini ya ngozi sehemu nne kwa pamoja: mikono miwili na miguu miwili. Aliyewahi kukata pilipili mbuzi kisha akajisugua jicho anaweza kukadiria. Halafu sehemu moja tu, tuseme mkono wa kushoto, ikapakwa krimu isiyo na kitu, na mhusika akaambiwa ni ya ganzi. Mkono wa kushoto ukapoa. Mkono wa kulia na miguu yote miwili ikaendelea kuwaka moto. Walipoingiza naloksoni, na ule mkono wa kushoto ukarudi kuwaka kama wenzake.

Hebu tulia hapo kidogo. Endofini hazikumwagika mwili mzima. Zingemwagika, miguu nayo ingepoa. Zilipelekwa mahali palepale mtu alipotarajia, kwa kadiri alivyotarajia, na yeye mwenyewe hana habari kwamba ametuma kitu. Huwezi kujikinga na mtumaji wa namna hiyo kwa kusema tu kwamba wewe si mjinga.

Usione, usisikie, usijue

Sasa tuje kwenye mbinu za kujikinga. Ya kwanza ni kutojua dawa inaingia saa ngapi.

Watafiti waliwaunganisha wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji na mashine inayosukuma dawa mshipani bila mtu kuwapo chumbani. Wengine walidungwa waziwazi, kando ya kitanda, na kuambiwa kwamba hii ni dawa kali ya maumivu. Levine na Gordon walikuwa wamekwisha kuona tofauti ya njia hizo mbili tangu mwaka 1984: maji ya chumvi yaliyotolewa mbele ya macho ya mgonjwa yalituliza sawa na miligramu 6 hadi 8 za mofini halisi iliyoingizwa kwa siri. Kwa hiyo agiza pazia. Agiza mashine. Mwambie nesi, kwa heshima zote, kwamba ungependa akuhudumie ukiwa umelala, gizani, na asikuambie.

Inafanya kazi, tena vizuri mno. Dawa halisi za maumivu zikiingizwa kwa siri, inabidi dozi iwe kubwa zaidi ili kuleta nafuu ileile. Na kinyume chake: mgonjwa aliyekuwa kwenye mofini, ikasimamishwa huku akiambiwa kwamba imesimamishwa, maumivu humrudia haraka kuliko yule ambaye imesimamishwa kimyakimya.

Huko Oxford, mwaka 2011, Ulrike Bingel na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walichoma miguu ya watu kwa joto huku dripu ya remifentanili, dawa yenye nguvu ya jamii ya mofini, ikiendelea kuingia kwa kiwango kilekile muda wote. Kabla ya watu kujua kwamba inaingia, ilipunguza maumivu kiasi. Walipoambiwa kwamba sasa inaanza, nguvu yake ikawa karibu maradufu. Walipoambiwa kwamba imesimamishwa na maumivu huenda yakazidi, nguvu yake ikafutika, na dripu bado inatiririka.

Hapo mwongozo wetu unakutana na tatizo ambalo ni haki ulijue. Ukijihadhari kikamilifu na maji ya chumvi, unaiharibu pia dawa uliyoilipia. Mbinu ni ileile moja na haijui kuchagua. Kama bado unataka kuendelea, endelea. Tulikwisha kukubaliana kwamba hupendi vya bure.

Jaribio moja la Turin, la mwaka 2001, linaonyesha gharama hiyo kwa hesabu. Wagonjwa waliopasuliwa kifua waliwekewa dripu ya maji ya chumvi kwa siku tatu, na kila mmoja aliruhusiwa kuomba buprenofini, dawa halisi, kila maumivu yanapozidi. Kundi la kwanza hawakuambiwa lolote kuhusu dripu. La pili waliambiwa huenda ni dawa ya maumivu, huenda si kitu. La tatu waliambiwa ni dawa kali. Maumivu yaliyoripotiwa yalikuwa sawa katika makundi yote, lakini kundi la pili walitumia buprenofini pungufu kwa asilimia 20.8 wakilinganishwa na wale wa kwanza, na la tatu pungufu kwa asilimia 33.8. Dripu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni sentensi moja.

Wahudumu wa kuepukwa

Mhudumu salama kwako unamfahamu. Yuko nyuma ya kioo cha dirisha la dawa. Hainui uso. Anahesabu vidonge kwa ncha ya kalamu, anavisukumia kwenye kibahasha, anaandika 2×3 kwa wino unaokaribia kuisha, anakipitisha kwenye tundu la chini ya kioo, na kabla hujauliza kwamba hiyo ni kabla ya kula au baada, amekwisha kuita, “Anayefuata!” Mhudumu huyu anakulinda. Amekupa miligramu zako kamili na hakuongeza kitu.

Wa kuogopwa ni yule dada anayekuita baba au mama kulingana na umri wako, anayekuuliza maumivu yalianza lini na yanakuzuia kufanya nini, halafu anakushikia kidonge mbele ya macho na kusema, “Hii ni dawa nzuri. Ndani ya nusu saa utaanza kusikia nafuu.” Pole yake peke yake ni hatari. Na usidhani utanusurika kwa sababu yeye mwenyewe anajitahidi kutoonyesha kitu. Mwaka 1985 Gracely yuleyule aliyepinga ushahidi wa jino alichapisha jaribio lingine, la wagonjwa wa meno vilevile. Madaktari wa kundi moja waliamini kwamba kati ya dawa watakazotoa huenda imo fentanili, dawa halisi ya maumivu. Madaktari wa kundi la pili waliamini haimo. Wagonjwa wenyewe waliambiwa maneno yaleyale. Ukilinganisha wale waliopewa dawa tupu katika makundi yote mawili, wa madaktari wenye matumaini walitulia, na wa madaktari wasio na matumaini maumivu yao yaliongezeka. Hakuna aliyesema kitu. Kilivuja usoni, au mkononi, au kwenye namna ya kukaa kimya.

Bei nayo ichunge. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapiga watu 82 shoti ndogo za umeme kwenye kifundo cha mkono na kuwapa kidonge kisicho na kitu. Nusu waliambiwa kinauzwa dola 2.50, nusu waliambiwa kimeshushwa bei hadi senti 10. Kati ya wale wa bei kubwa, asilimia 85 walisema maumivu yamepungua; wa bei ya chini ni asilimia 61. Ukienda dukani, basi, chukua kilicho rahisi kabisa na uulize kama hakuna cha jana. Nembo pia: Uingereza, mwaka 1981, wanawake 835 wenye kuumwa kichwa mara kwa mara walionyesha kwamba aspirini yenye jina maarufu kwenye paketi ilituliza zaidi ya aspirini ileile isiyo na jina, na hata kidonge tupu chenye jina kilikizidi kidonge tupu kisicho na jina.

Kuhusu sindano sijui nikuambie nini, maana hapa kwetu vita hii ilikwisha kupotea zamani. Mzee anaingia zahanati na kusema vidonge haviniwezi, nichome sindano, na anayetaka kumpa vidonge itabidi ajieleze. Katika majaribio ya kipandauso yaliyokusanywa mwaka 2000, sindano tupu iliwatuliza asilimia 32 ya wagonjwa na kidonge tupu asilimia 26. Mzee hakusoma utafiti huo. Na kuna wale ambao kidonge cheupe hawakiamini kabisa, wanataka rangi mbili hata pale ambapo rangi mbili haihusiki na ugonjwa walio nao. Hao tuwaache.

Wasiwasi usipungue

Ikiwa umeshindwa kuepuka dada mkarimu, umebaki na kinga moja ya ndani. Ubongo unatengeneza kemikali nyingine, kolesistokinini, inayojulikana zaidi kwa kazi yake tumboni. Kichwani hufanya kazi ya kuzipinga endofini, na hutoka pale mtu anapotarajia kuumia. Kwa hiyo ogopa. Ogopa kwa bidii. Soma karatasi ya madhara iliyokunjwa ndani ya boksi, isome yote, hasa yale yanayompata mtu mmoja kati ya elfu kumi.

Mwaka 2010 huko Boston wajawazito 140 waliokuwa wanasubiri ganzi ya mgongoni waligawanywa. Nusu waliambiwa kwamba sasa wanapewa dawa ya kufa ganzi na watakuwa vizuri. Nusu waliambiwa watahisi kama nyuki mkubwa amewauma na kwamba hapo ndipo pabaya kuliko pote. Walipoulizwa maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya 0 na 10, jibu la katikati kwa wa kwanza lilikuwa 3, kwa wa nyuki 5. Sindano ilikuwa moja. Ukiwa na bahati utampata mhudumu wa pili, na wako wengi, tena wanaamini kwamba wanakuhurumia.

Hapa kuna kisa cha proglumidi ambacho sitaki kikupite. Ni dawa inayozuia kolesistokinini. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa waliotoka upasuaji, ilishinda dawa tupu, na dawa tupu ikashinda kutopewa kitu. Kwa kanuni za kawaida za majaribio ya dawa, hapo unafungua kiwanda. Lakini Benedetti aliitoa tena, safari hii kwa siri, na proglumidi haikutuliza chochote. Haikuwa dawa ya maumivu hata kidogo. Ilichofanya ni kumwondoa mpinzani wa endofini, na matarajio ya mgonjwa yakafanya kazi iliyobaki. Bila matarajio haikuwa na cha kusaidia. Hadi leo sijui mtu aliyeielewa habari hiyo anawezaje kusoma tangazo la dawa mpya kwa utulivu.

Historia yako inakusaliti

Kama hujawahi kupewa mofini, una unafuu kidogo. Mwili hujifunza. Martina Amanzio na Benedetti waliwafunga watu mkono juu ya kiwiko kwa mpira wa kubana damu, wakawapa chombo cha kuminya kwa vidole mpaka mkono ushindwe kustahimili. Siku mbili waliwapa mofini. Siku nyingine wakawapa maji ya chumvi, na watu wakastahimili kana kwamba bado wana mofini. Naloksoni ikaiondoa hali hiyo. Waliofundishwa kwa ketorolaki, dawa isiyo ya jamii ya mofini, nao walistahimili kwa maji ya chumvi, ila hao naloksoni haikuwaondolea nafuu. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba njia yao inapita kwenye vipokezi vilevile vinavyonasa kilichomo kwenye bangi. Tulipoanza tulikutuhumu kwa bidhaa moja, sasa ni mbili.

Wanariadha wasome aya hii wamesimama. Mwaka 2007 timu ya Turin ilishindanisha vikundi vya vijana kwa mpira uleule wa kubana mkono. Waliopewa mofini kwenye mazoezi, na maji ya chumvi siku ya mashindano, walivumilia kuliko wenzao. Kanuni za michezo hukataza mofini wakati wa mashindano, hazikatazi mazoezini, na mkojo wa siku ya mashindano utakuwa msafi. Je, kijana huyo ametumia dawa au hakutumia? Watafiti waliliuliza swali hilo wazi kwenye kichwa cha makala yao na kuwaachia wenye kanuni.

Wapo watu walio salama kabisa na hila hizi zote, na sitanii ninaposema usiwaonee wivu. Mwaka 2006 Benedetti aliwachunguza wagonjwa wa Alzheimer. Wale ambao mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo wao yalikuwa yameharibika, dawa ya ganzi iliyopakwa waziwazi haikuwa na nguvu zaidi ya ile iliyopakwa bila wao kujua. Sehemu ya nafuu inayotokana na kutarajia ilikuwa imetoweka, na walihitaji dozi kubwa zaidi kufikia pale wengine walipofika kwa kidogo. Ukiwa na mzazi mwenye hali hiyo nyumbani, hili likumbuke anapolia usiku na wewe una hakika kwamba dawa umempa.

Usiombe zaidi ya maumivu

Mgonjwa mwangalifu atauliza: endofini hizi, zinaponya nini? Karibu hakuna. Boston, mwaka 2011, wenye pumu walipuliziwa dawa halisi au dawa tupu. Ukiwauliza, wote walisema wameona nafuu inayokaribiana. Ukipima pumzi, dawa halisi ilifungua mapafu kwa asilimia 20, na tupu kwa asilimia 7, sawa na kukaa tu bila kufanyiwa kitu. Mtu anaweza kujisikia vizuri huku mapafu yanaziba. Malaria haina habari na tabasamu la nesi. Na huko Copenhagen, Asbjørn Hróbjartsson na Peter Gøtzsche walipopitia majaribio 114 mwaka 2001, hawakuona faida kubwa ya dawa tupu popote, isipokuwa kidogo, na hasa kwenye maumivu. Wenye kuuza chupa za maji yaliyosomewa kila ugonjwa hawalitaji pitio hilo.

Pia usimpe dawa tupu sifa za wakati. Maumivu hupanda na kushuka, na mtu huenda kutafuta dawa siku yakiwa kileleni. Kesho yake yangeshuka hata angelamba jiwe. Ndiyo maana majaribio mazuri huwa na kundi lisilopewa kitu chochote, na yasiyo na kundi hilo yafunge.

Wala mtu asichukue habari hizi kuwa kisingizio cha kuwanyima watu dawa. Uganda, tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993, wagonjwa wa saratani wanapewa mofini ya kunywa iliyotengenezwa kwa unga na maji, nao wanaihitaji ile ya chupani. Saratani ya mifupa haitulizwi kwa neno zuri peke yake. Kinachojulikana ni kwamba ile ya chupani nayo ikitolewa kwa neno zuri hufanya kazi zaidi, na neno halina bajeti wala halitoki bohari kuu.

Kinga ya mwisho

Imebaki kinga moja ambayo bila shaka umekuwa ukiisubiri: kujua. Mtu akijua kwamba kidonge hakina kitu, atadanganywaje?

Mwaka 2016 huko Lisbon, Claudia Carvalho na wenzake waliwapa wagonjwa wa mgongo sugu chupa iliyoandikwa wazi kwamba vidonge vilivyomo ni tupu. Meza viwili, kutwa mara mbili, kwa wiki tatu, pamoja na matibabu yako ya kawaida. Wagonjwa walijua. Waliambiwa, waliandikiwa, walisoma. Maumivu yao yakapungua kwa karibu asilimia 30, zaidi ya wale walioendelea na matibabu ya kawaida peke yake.

Jambo moja tu lilitangulia chupa. Kila mgonjwa alikaa na mtafiti kwa karibu robo saa akaelezwa kwa utulivu kwamba vidonge tupu vimeonyesha nguvu dhidi ya maumivu, kwamba mwili unaweza kuitika wenyewe bila kuamriwa, na kwamba haihitajiki uamini, inatosha umeze. Kwa mwendo wa kawaida wa kusoma, maelezo hayo wewe umekwisha kuyapata, na robo saa imepita.